Neno la Wiki: Ganda

Maziwa yakiganda, mfugaji wa Garsen amepata kinywaji. Damu ikiganda, jeraha linaanza kupona. Kitenzi hiki tumekizoea kwa heri, na hapo ndipo kinapotupoteza tukifika kwenye friji ya zahanati.

Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Katika joto la Tana River kila mtu huogopa jua, na akiona barafu moyo hutulia. Matone ya polio hayadhuriki yakiganda. Lakini chanjo ya pepopunda, au ile ya pamoja yenye kinga ya dondakoo na kifaduro, ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena.

Ndiyo maana mhudumu, kabla ya kuvuka mto, huzitoa pakiti za barafu mapema, huzisubiri, kisha huzitikisa mpaka asikie maji yakicheza ndani. Ndipo azipange kwenye kisanduku.

Wataalamu husema “mnyororo baridi”. Mimi napendelea “ubaridi usiogandisha”: ni maneno mawili pia, ila yanataja hatari ile tunayoisahau.