Mafunzo ya ufundi wa viwandani Tanga

Mafunzo ya ufundi wa viwandani Tanga ni elimu ya stadi za kazi inayotolewa mkoani Tanga, kaskazini mwa pwani ya Tanzania, kwa ajili ya kuandaa mafundi wa viwanda na karakana. Chimbuko lake ni shule ya Kijerumani iliyofunguliwa mjini Tanga miaka ya 1890, ambayo pamoja na kusoma na kuandika ilifundisha useremala na uchapaji, na ambayo mtambo wake wa chapa ulitoa gazeti la Kiswahili la *Kiongozi* kuanzia 1904. Siku hizi mafunzo hayo husimamiwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na kugharimiwa kwa sehemu na tozo wanayolipa waajiri kulingana na mishahara ya wafanyakazi wao. Anayesomea ufundi wa mitambo huanza na tupa na jiliwa, akisawazisha kipande cha chuma hadi kilingane na vipimo vya mchoro, ndipo apewe kerezo, yaani mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Hatua hiyo ya mikono, ingawa huchosha, ndiyo msingi hata wa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, mitambo ya mkonge na usindikaji wa maziwa vyote hutegemea mafundi wa aina hiyo.