Sumaku zetu zimekufa kwenye oveni (na historia kidogo)

Najua nimepotea karibu wiki tatu. Sikuumwa na wala sijadisko, nilikuwa maabara nahangaika na projekti ya mwaka wa mwisho. Leo nina hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa nasoma historia. Kwa hiyo mnivumilie.

Kwa wale wa fani nyingine: mimi na mwenzangu tunatengeneza jenereta ndogo ya upepo. Ina sahani mbili za chuma zinazotazamana, kila moja imebandikwa sumaku 12 za neodimi, na katikati zimekaa koili za waya wa shaba. Sahani zikizunguka, umeme unatoka. Kwenye karatasi ni kazi ya wiki moja. Sasa njoo uzishike! Sumaku hizi ukizisogeza karibu zinarukiana. Moja ilinibana kidole mpaka kucha ikawa nyeusi, nyingine mbili ziligongana zikapasuka kama vigae. Ikabidi tuchonge vipande vya mbao vya kuzitenganisha, na kila ncha ya kaskazini tuipige alama ya kalamu, maana ukibandika hata moja kinyume umeharibu mpangilio wote.

Tukafunga, tukazungusha, tukapata volti 24. Tulishangilia kama bumu limeingia. Tatizo likawa gundi, ilikuwa haijakauka vizuri. Kwa haraka zetu tukafungua jenereta, tukaingiza kila sahani peke yake kwenye oveni, digrii 120, saa mbili. Kesho yake tukafunga tena. Kasi ileile, koili zilezile, volti 17! Tukabadilisha mita. 17. Tukasubiri zipoe kabisa. 17 vilevile.

Nikamwendea fundi wa maabara. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza yote. Akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, mmezipima zikiwa baridi. Nani aliwaambia zitabaki vilevile zikishapata moto?"

Basi usiku ule nikakaa kusoma, na nikagundua kosa letu lina ukoo mrefu.

Mnaikumbuka sumaku ya umbo la U pale sekondari? Umewahi kujiuliza kwa nini ina umbo lile? Ncha mbili za sumaku zinasukuma nguvu kinyume ndani ya mwili wa sumaku yenyewe, yaani sumaku inajidhoofisha yenyewe. Ncha zikikaribiana kupitia mwili mfupi, hali ni mbaya zaidi. Chuma cha pua cha zamani kilikuwa hakiwezi kuhimili msukumo huo, hivyo mafundi walilazimika kukifanya kirefu. Kirefu kinasumbua kubeba, wakakikunja. Kile kipande cha chuma tulichokuwa tunaambiwa tukirudishe kwenye ncha baada ya somo kilikuwa mlinzi: kinaipa nguvu ya sumaku njia rahisi ya kupita, msukumo wa ndani unapungua.

Kuanzia hapo historia nzima ni watu kutafuta kitu kisichosalimu amri. Mwaka 1917, Japani, Kotaro Honda na mwenzake walitoa chuma kilichochanganywa na kobalti nyingi. Mwaka 1931 Tokushichi Mishima, huko huko Japani, akaja na mchanganyiko wa chuma, nikeli na aluminiamu, na wengine wakaongeza kobalti ndipo ikapatikana alniko. Alniko inavumilia joto sana, ila ina tabia yake: ukishaisumakisha ndani ya mashine halafu ukaichomoa, inapoteza nguvu na hairudi ilivyokuwa. Miaka ya 1950 kampuni ya Philips ya Uholanzi ikaleta feriti, ile nyeusi iliyo nyuma ya spika nyingi. Rahisi na haihitaji kobalti, lakini nguvu yake ndogo. Miaka ya 1960 Karl Strnat na wenzake huko Marekani wakafungua njia ya sumaku za samari na kobalti. Hizo zina nguvu na zinavumilia moto. Watu wakaona safari imeisha.

Haikuisha, na hapa ndipo habari inarudi kwetu wasema Kiswahili. Kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inatoka Zaire, kwenye mkoa ambao wakati huo uliitwa Shaba, ndiyo hii shaba yetu. Mei 1978 wapiganaji waliotokea Angola waliuteka mji wa migodi wa Kolwezi. Wataalamu wa kigeni wakakimbia, uchimbaji ukavurugika, bei ya kobalti ikapanda vibaya sana. Watengenezaji wa sumaku wakajua hawawezi kutegemea kitu hicho tu. Chuma cha kawaida kingefaa, kipo kila mahali, tatizo ni kupata mchanganyiko wake unaoshikilia usumaku.

Masato Sagawa, Mjapani, alikuwa tayari anawaza kuongeza atomi ndogo kama boroni ili atomi za chuma ziachane kidogo. Bosi wake hakuvutiwa, akaacha kazi, akahamia Sumitomo. Mwaka 1983 yeye kwa upande wake, na John Croat wa General Motors kwa upande wake, wakatangaza sumaku ileile: neodimi, chuma na boroni. Ndiyo hii iliyonibana kidole.

Nguvu ilikuwa kubwa kuliko zote, ila joto likawa adui. Za daraja la kawaida hupewa kikomo cha digrii 80 hivi. Za kuvumilia zaidi huongezwa disprosi, na bei inapanda. Zetu zilikuwa za kawaida, sisi tukazipeleka 120! Tena tulizitenganisha kabla ya kuzioka, kila sahani peke yake bila ile ya pili mbele yake. Yaani tuliziondolea mlinzi kisha tukaziwasha moto. Kosa la sumaku ya U na kosa la neodimi, yote kwa mpigo mmoja.

Kuzisumakisha upya inawezekana, lakini inahitaji mashine ya kutoa nguvu kubwa kwa mpigo mmoja, na hapa hatuna. Pesa ya kuagiza nyingine 24 hakuna, bumu limeshakwenda. Juzi mwenzangu akaniambia, "Kaka, tuandike 24 tu. Tuliipata kweli, hatujadanganya." Nilinyamaza muda mrefu, maana kweli tuliipata, na sapu naiogopa kama yeye.

Lakini mtu akiifunga jenereta yetu kijijini kwao, ataipata ipi? Itazunguka kutwa kwenye jua, koili zitapata moto, na yeye atakuwa ameamini karatasi yetu. Jana tumekubaliana: tunaandika 24, tunaandika 17, na ukurasa mzima wa oveni. Pia tunapachika kipimajoto kwenye sahani, tuiendeshe saa tatu na mzigo, tusome volti kila dakika kumi. Hicho ndicho kipimo tulichotakiwa kuanza nacho.

Tunapresenti Jumatatu. Mwenzangu bado amenuna kidogo. Mtuombee jamani.