Mwamba Mdogo, Majirani Wengi

Mwamba au fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa huitwa kipwa. Mwamba usioonekana hata maji yakipwa ndio wa kuogopwa zaidi. Mmoja wa namna hiyo, karibu na kisiwa cha Anvers huko Antaktika, ulizifunza nchi nyingi maana ya ujirani.

Tarehe 28 Januari 1989, Bahía Paraíso, meli ya jeshi la majini la Argentina iliyokuwa na shehena na watalii, iliupiga mwamba huo, kilomita chache tu kutoka kituo cha utafiti cha Palmer, cha Marekani. Fimbo ya mbali haiui nyoka: watu wa kituo walitoka na mashua zao kuokoa, na hakuna aliyekufa. Hata hivyo, mafuta yapatayo lita 600,000, hasa dizeli, yalimwagika, yakaua ndege na viumbe wa ufukweni.

Jiulize sasa: uharibifu huo ulitokea katika nchi ya nani? Argentina, Chile na Uingereza zote zinadai eneo hilo. Lakini Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini na mataifa 12 mwaka 1959, haukuyakubali madai hayo wala haukuyafuta. Uliyaweka kando, ukalitenga bara kwa amani na sayansi. Basi hapakuwa na mwenye nyumba wa kumdai mgeni aliyechafua ua. Palikuwa na majirani tu.

Mwaka 1988, mataifa yalikuwa yamekubaliana mjini Wellington masharti ya kuchimba madini Antaktika. Mwaka uliofuata, Australia na Ufaransa ziliyakataa, na mwaka 1991 Itifaki ya Madrid ikapiga marufuku uchimbaji huo. Ajali ile haikuwa sababu pekee, ila ilionyesha waziwazi hasara ya uzembe. Baadaye Argentina na Uholanzi zilishirikiana kuyatoa mafuta yaliyosalia melini.

Limebaki swali la nani alipe. Nyongeza ya itifaki iliyopitishwa mwaka 2005 inamtwika gharama mchafuzi asiyechukua hatua za haraka, lakini haiwezi kuanza kutumika mpaka iridhiwe na mataifa yote yaliyokuwa na kura wakati huo.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Nawe, msomaji, fikiri: ziwa au mto mnaotumia pamoja na nchi jirani ukichafuka kesho, ni nani amekwisha kuahidi kuusafisha?