Mashine Pepe Haiwashwi, Huamkia

Mwongozo mmoja wa mafunzo ya kompyuta umetua Ukunda ukiwa na kichwa hiki: "Uwashaji wa mashine dhahania kutoka kwenye mfumo shirikishi wa faili wa seva mama." Vijana wa karakana wanaoifanya kazi hiyo kila uchao husema tu "imebuti toka kwa hosti". Sikubaliani na vijana, lakini angalau wao wanaeleweka.

Dhana yenyewe msomaji anaijua, sitamchosha nayo. Ninayogombana nayo ni majina. Kuwasha ni kwa taa, jiko na moto. Mashine ya aina hii haina swichi, na umeme ulishawashwa zamani kwenye kompyuta mwenyeji inayoibeba. Dhahania ni kitu cha fikrani. Kinachomeza gigabaiti mbili za kumbukumbu si dhahania hata kidogo, na "mashine pepe" imeshazoeleka tangu tulipoikubali barua pepe. Shirikishi ni mkutano unaowashirikisha wananchi, ilhali kitu kinachotumiwa na wawili ni cha shirika, kama ilivyo mali ya shirika. Ama hiyo "seva mama", mara nyingi ni laptopu ya mwanafunzi, na haijazaa mtu. Lugha ina mwenyeji na mgeni tangu enzi za jahazi. Kwa nini tuazime uzazi?

Tuje kwenye "kubuti". Wasemao Kiingereza walilipata neno lao kwenye vitanzi vya kuvutia buti: mtu ajiinue kwa kuvuta vitanzi vya viatu alivyovivaa mwenyewe. Kwao ni fumbo zuri. Kwetu buti ni kiatu, na buti la gari ni la mizigo. Kibaya zaidi, hata fumbo lenyewe hapa halisimami. Mashine inayotegemea faili za mwenyeji haijiinui: haina diski yake, wala si lazima iwe na programu yake ya kuanzishia. Mwenyeji ndiye anayekiweka kiini cha Linux kwenye kumbukumbu ya mgeni, kisha akamfungulia saraka iwe mzizi wake.

Neno la haki ni kuamkia. Kitenzi -amka kimezaa -amsha, anachofanya mwenyeji, na -amkia, anachofanya mgeni. Kiambishi -i- cha kutendea hubeba mahali na mwelekeo, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Idi. Lakini kuamkia pia ni kutoa salamu. Mtoto huwaamkia wazee kabla ya kuomba chochote. Hali hii si ya Kiswahili peke yake: Kidigo, kilichotuzunguka hapa Kwale, kina kulamuka kwa kuamka na kulamusa kwa kusalimu, na Waganda nao hulamusa. Sasa tazama mashine inavyofanya. Katika virtiofs, njia ya mgeni kutumia saraka ya mwenyeji iliyoingia Linux toleo la 5.4 mwaka 2019, ujumbe wa kwanza wa mgeni hauombi faili. Ni INIT, wa kujitambulisha na kupatana kuhusu toleo la itifaki. Katika itifaki ya 9P, iliyotoka kwenye mfumo wa Plan 9 wa Bell Labs, ni Tversion, kisha Tattach. Salamu kwanza, haja baadaye. Ni neno gani jingine linalobeba kuamka na kusalimu kwa pamoja?

Pendekezo hili nililipeleka kwa kamati moja. Nikajibiwa, kwa barua yenye muhuri, kwamba neno "lina maana nyingi". Wajumbe haohao hawaoni tabu kushika kipanya mezani. Mtu mwingine, mtaalamu wa kujitangaza, anapendekeza "kudandia". Kudandia ni kwa anayerukia matatu ikiwa mbioni. Mgeni wetu amekaribishwa. Na najua atatokea wa kusema kwamba kusalimu ni kuamkua. Ni kweli, na kuamkia pia, afungue kamusi.

Kwa upande wa matumizi: kwenye QEMU, programu ya kuendeshea mashine pepe, mpe mgeni kiini kwa -kernel, andika rootfstype=virtiofs na lebo (tag) uliyoipa saraka kwenye root=, hakikisha kumbukumbu ni ya shirika kati ya wawili hao, na kiendeshi cha virtiofs kiwe ndani ya kiini au kwenye initramfs, la sivyo kiini hakitauona mzizi.

Walimu wa vyuo vya ufundi kuanzia Ukunda hadi Msambweni, msisubiri muhuri. Andikeni ubaoni: "Mashine pepe imeamkia faili za mwenyeji." Ngamizi ilitungwa na wataalamu, watu wakaendelea kusema kompyuta, na leo kompyuta ndiyo iliyobaki.