Mgeni, Tupe Mji: Burudani za Wasafiri wa Kilwa na Lindi

Kilwa ilikuwa mwisho wa upepo. Jahazi lililotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, liliweza kufika hapa, likauza, likanunua na kurudi kwa kusi katika mwaka uleule. Nahodha aliyetaka kuteremka zaidi hadi Sofala, kulikouzwa dhahabu, alijua kwamba huenda akakwama mpaka msimu mwingine. Hesabu hiyo ya pepo ndiyo iliyoutajirisha mji wa Kilwa Kisiwani kati ya karne ya 13 na ya 15. Ndiyo pia iliyoujaza watu waliokuwa na wiki nyingi za kungoja na kazi chache za kufanya.

Habari za dhahabu, pembe na vitambaa zimeandikwa sana. Saa za mngojaji hazikuandikwa na mtu, ila zimeacha alama hapa na pale. Ukizifuata alama hizo kutoka Kilwa Kisiwani hadi Lindi, utaona kwamba msafiri wa pwani hii amepitisha muda wake kwa mafumbo, na kwamba mafumbo hayo yalihitaji mtu wa pili.

Msafiri mashuhuri kuliko wote waliopita hapa hakuwa mfanyabiashara. Ibn Battuta wa Tanja, Moroko, alifika mwaka 1331 akiwa kijana wa miaka 27, akitokea Mogadishu kwa njia ya Mombasa. Wenzake chomboni walikuja kutafuta mali; yeye miji yenyewe ndiyo iliyomvuta. Akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu'l-Mawahib kwa ukarimu wake. Amesimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomsimamisha sultani akitoka kwenye sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia kwa khatibu, akabadili nguo, akampa.

Lakini msafiri huyo ametuachia fumbo. Anausifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona duniani, kisha anasema majumba yake ni ya mbao na mapaa yake ni ya majani. Leo mgeni akishuka ufukweni anaona mawe ya matumbawe na chokaa: Msikiti Mkuu wenye kuba, na pembezoni, juu ya mwamba unaotazama bahari, magofu ya Husuni Kubwa, kasri la sultani huyohuyo, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Je, aliyaona akayasahau? Ushahidi wa kupima upo. Kitabu chake hakukiandika akiwa safarini. Alimsimulia Ibn Juzayy huko Fez, kazi ikamalizika mwaka 1355, karibu robo karne baada ya kuondoka Kilwa, na katikati hapo aliwahi kuporwa vitu vyake baharini. Tena wakazi wengi wa mji, mbali na matajiri, waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti. Pengine alieleza mitaa aliyopita, akaliacha kasri. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliweka mawe hayo hadharani kwa vipimo na michoro. Fumbo la mbao likabaki la kujadiliwa.

Hata pesa iliyokuwa mfukoni mwa wasafiri hao ilicheza na maneno. Sarafu za Kilwa, nyingi zikiwa za shaba, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina vinavyopatana. Kwa hiyo mwenye kulipia samaki au mtama alikuwa na ubeti mdogo kiganjani, na ili kuusoma wote ilimbidi aipindue sarafu.

Sarafu hizo ziliposafiri zilizua mafumbo makubwa zaidi. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, na hilo linaelezeka, kwani dhahabu iliyouzwa Sofala ilitoka nyanda za huko. Lisiloelezeka ni la mwaka 1944. Askari wa jeshi la anga la Australia aliyekuwa kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu ufukweni, akaziweka. Zilipochunguzwa mwaka 1979, tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje? Wako wanaotaja jahazi lililopotea njia, wako wanaotaja Wareno, na wako wanaotaja wavuvi wa majongoo bahari kutoka Makassar waliozipata kwa mkono wa tatu. Hakuna aliyeweza kufunga jalada.

Alama nyingine zimo kwenye kuta. Ndani ya magofu ya Kilwa na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, juu ya lipu ya chokaa, watu walichora vyombo kwa ncha ya kitu kikali: matanga, kamba, milingoti. Peter na Margaret Garlake walikusanya michoro ya aina hiyo kutoka pwani nzima na kuichapisha mwaka 1964. Si kazi ya mafundi waliolipwa kupamba nyumba. Mistari ni ya haraka, na mchoraji alizijua kamba za chombo moja moja. Iwe ilichorwa kwa dua ya safari au kwa uchovu wa kungoja, ni kazi ya mtu aliyekuwa nchi kavu huku akili yake iko baharini.

Wareno walipouvamia mji mwaka 1505, Francisco de Almeida alijenga ngome, nao wakaihama mwaka 1512. Waliyoiachia pwani yetu kwa jumla ni pamoja na karata, ambazo mpaka leo huchezwa kwa majina yao: turufu, kopa, shupaza, uru. Karata zikakaa barazani kando ya bao, mchezo wa mashimo 32 na kete 64 ambao haujawahi kuhitaji umeme wala karatasi. Mchezaji wa bao ni mmoja na mpinzani wake mmoja, lakini mchezo wenyewe ni wa watazamaji, wanaohesabu kete kwa macho na kumcheka aliyeshindwa kuona nafasi ya kula iliyokuwa mbele yake.

Hata hivyo, mchezo uliomfaa msafiri kuliko yote ulikuwa mwepesi wa kubeba: kitendawili. Kanuni yake kila mtoto wa pwani anaijua. Mmoja husema "Kitendawili!", wengine huitika "Tega!" Naye hutega: "Kila niendapo ananifuata." Kila mtu anakisia. Wakishindwa wote, mtegaji haliachii jibu hivi hivi. Anadai: "Nipeni mji." Wanampa Kilwa, anaukataa. Wanampa Lindi, anaukubali. Ndipo anaposimulia jinsi alivyokwenda Lindi, akapokelewa, akala, akanywa, akarudi. Na mwisho anafumbua kwamba ni kivuli.

Watafiti wa fasihi simulizi huieleza desturi hiyo kuwa faini ya aliyeshindwa. Kati ya wasafiri inafanya kazi zaidi ya hiyo. Mtu anayetakiwa kutoa mji hutoa anaoujua: alikozaliwa, alikotoka juzi, au anakokwenda na hajawahi kufika. Akiutaja, wenzake wanajua pa kuanzia mazungumzo. Baada ya vitendawili vitano, watu waliopanda chombo kimoja bila kufahamiana wana ramani ya mahali kila mmoja alipo na jamaa.

Vijana walikuwa na mchezo wao pia, kinyume, wa kuhamisha silabi ya mwisho na kuitanguliza. Kivinje inakuwa "njekivi", Mohoro inakuwa "romoho", na asiyezoea husikia lugha ya mbali. Edward Steere, askofu na mtaalamu wa lugha aliyekaa Unguja, aliona mchezo huo una uzito wa kutosha akaweka mifano yake katika kitabu cha sarufi alichochapisha mwaka 1870.

Mwaka huo pwani hii haikuwa na wasafiri wa hiari tu. Kilwa Kivinje, iliyochukua nafasi ya Kisiwani, ilikuwa lango la misafara ya kutoka Ziwa Nyasa, na maelfu kwa maelfu ya watu walifikishwa hapo wakiwa wamefungwa, wakauzwa Unguja na ng'ambo. Huwezi kuandika historia ya burudani za njia hiyo bila kusema kwamba kwa wengi waliopitishwa humo safari haikuwa na baraza wala karata.

Karne ya 20 ilihamishia mafumbo na mashairi kwenye kurasa zilizochapwa. Lindi ilimtoa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtunzi wa utenzi wa vita vya Maji Maji uliochapishwa mwaka 1933. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji wa mikoani pa kutuma mashairi. Mmoja akauliza kwa vina, mwingine akajibu kutoka mji mwingine katika toleo la baadaye. Lilikuwa kama baraza lililotandazwa nchi nzima. Chemsha bongo zenye miraba ya kujazwa herufi zilifuata magazetini, nazo zilikuwa za mtu mmoja na kalamu yake.

Kisha ukaja upelelezi. Katika shindano la hadithi la 1957–58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko, anafuatana na Najum, na anafikiri kwa sauti. Wasomaji wa Kiingereza walimwona Sherlock Holmes ndani yake. Msomaji wa pwani alimwona pia mtegaji: anakupa dalili zote mapema, anakuacha ukisie, na mwishoni anafumbua. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, na kampeni ya kufuta ujinga ya miaka ya 1970 ikawaongezea waandishi hao wasomaji wapya kwa mamilioni.

Watu wa Lindi walikuwa na sababu yao ya kuzipenda riwaya za kijasusi. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, akimtuma jasusi wake Willy Gamba Nairobi kufuata siri za wapigania uhuru zilizoibwa, kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa Nachingwea, ndani ya mkoa uleule. Vita vya Msumbiji viliwafikia hata nje ya vitabu. Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979 kilimpeleka Gamba Kinshasa, na Ben Mtobwa akaendeleza mkondo huo kwa mpelelezi wake Joram Kiango, akauandika pia mji mkubwa wa nchi katika Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Kwa msomaji aliyekuwa hajavuka Rufiji, kitabu chembamba cha karatasi duni kilikuwa na mitaa, hoteli na viwanja vya ndege vya Afrika nzima.

Kuvuka Rufiji ndiko kulikompa muda wa kukisoma. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, kufunguliwa Agosti 2003, basi la Dar es Salaam lilitegemea kivuko, na masika yaliweza kuifunga barabara kabisa. Kwenye foleni ya magari kitabu kimoja hakikuwa cha mwenye nacho. Aliyekimaliza alimpa jirani, na asiyekuwa nacho alisimuliwa kisa hadi ukurasa wa muuaji, akaambiwa akisie.

Siku hizi mtu anatoka Dar es Salaam alfajiri akafika Lindi mchana, akiwa na simu mkononi na filamu kwenye runinga ya basi. Riwaya za Musiba na Mtobwa zinatafutwa na wapenzi wa vitabu chakavu. Si haki kulilaumu daraja. Mama mjamzito anayewahishwa hospitali, au mvuvi ambaye samaki wake hawangoji, ana thamani kuliko foleni yoyote ya wasomaji. Kilichopungua nacho si maarifa, kwa maana simu ina mafumbo mengi kuliko maktaba. Ni ule ulazima wa kumgeukia jirani, kwa sababu mafumbo ya simu hutoa majibu yenyewe bila kukuuliza unatoka wapi.

Mei 2024, mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini katika wilaya ya Kilwa. Mabasi na malori yakasimama pande zote mbili za maji kwa siku kadhaa, na pwani hii ikawa tena na watu wanaongoja. Hali ya hewa tunayoelekea itazileta siku kama hizo mara nyingine. Mamlaka za barabara zina wajibu wa kujenga makalavati makubwa. Abiria naye anaweza kujiwekea akiba yake: vitendawili kumi kichwani na riwaya moja mkobani, iliyo tayari kupewa wa kiti cha pili.