Kipaji cha Kupangiwa

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu hapa Chimwaga, akaketi, akaniambia bila kusita: "Mwalimu, mimi ni mtu wa kusikia. Kusoma nyaraka ndefu si asili yangu." Shuleni kwao waliwahi kujazishwa dodoso, na majibu yake yakamweka katika kundi la wanaojifunza kwa masikio. Nilimwamini. Nikamruhusu aandike kazi yake juu ya Mtunya, ile njaa iliyoiangamiza Ugogo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa masimulizi ya wazee peke yake. Alileta kazi nzuri mno. Mwaka uliofuata mtihani ulimtaka achambue waraka wa utawala wa kikoloni. Alifeli, nami nilijua kosa lilikuwa langu.

Wazo la kulinganisha mbinu za kusoma na kipaji cha mwanafunzi huletwa kwetu leo kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Si jipya. Lina historia ndefu katika nchi hii, na kila ukurasa wa historia hiyo unauliza swali lile lile: nani aliyekitambua kipaji hicho, na kwa faida ya nani?

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki. Ilipendekeza elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: kilimo, afya, kazi za mikono, maisha ya kijijini. Kwa juu juu, nani angepinga? Mtoto wa mfugaji akifundishwa hesabu kwa mifugo ataelewa upesi. Tatizo ni kwamba aliyeamua mazingira ya Mwafrika yanaishia wapi hakuwa Mwafrika. Kilichopaswa kuwa mlango kikawa ukuta. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya serikali ya Tabora, iliyokusudiwa watoto wa machifu, na hapo kipaji cha uongozi kikasomwa katika ukoo. Mmoja wa waliopita Tabora alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyeanza darasa la kwanza Mwisenge mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Mwaka 1963 kijana huyo, sasa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar. Sijui ni dodoso gani lingelimtabiria hayo alipokuwa akichunga mbuzi.

Nyerere mwenyewe alilirudia suala hili katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Alishutumu elimu iliyowaandaa wachache na mitihani iliyopima kumbukumbu tu, akataka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaenda mbali zaidi: mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, na kijana wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Sekondari nazo zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba fikra hiyo ilikuwa sahihi kuliko tunavyokiri leo. Ila kijana hakuchagua mchepuo. Alipangiwa shule, na shule ilikuwa na mchepuo wake. Msichana aliyependa vyuma akajikuta jikoni, kwa kuwa sayansi kimu ilihesabiwa kuwa asili yake.

Dodoso la siku hizi ni mrithi mpole wa mpango huo. Halitumi mtu shambani wala jikoni. Linamgawa tu kuwa wa macho, wa masikio au wa mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walipitia tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo aliopangiwa humfanya ajifunze vizuri zaidi.

Wanafunzi hawalingani, hilo halina ubishi. Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, alijifunza ilimba kwa sikio, akaja kuwafundisha wengine Bagamoyo. Lakini alitumia sikio kwa sababu muziki husikiwa. Ramani huitaka jicho. Waraka huutaka uvumilivu.

Yule kijana alirudi kufanya mtihani wa marudio. Safari hii tulikaa na ukurasa mmoja wa ripoti ya ofisa wa wilaya, nikamwomba ausome kwa sauti, kana kwamba ni mzee wa kijijini kwao anayesimulia. Alisoma polepole. Alipofika mahali palipotajwa mahitaji ya jeshi, akanyamaza.

"Mwalimu, hii ndiyo ile nafaka?"

Wazee walikuwa wamemwambia yale waliyoyapokea kwa wazazi wao: kwamba Mjerumani alichukua nafaka na ng'ombe, kisha Mwingereza naye akachukua, ndipo mvua ikakosekana. Ripoti ilianza na mvua. Akaurudia ukurasa toka juu, safari hii kimya, kalamu mkononi, kisha akaniuliza kama ukurasa unaofuata upo.