Usted na Suala la Heshima katika Kihispania

Vitabu vingi vya Kihispania humfundisha mwanafunzi kanuni moja tangu somo la mwanzo: rafiki na mtoto huitwa tú, mkubwa na mgeni huitwa usted. Anayekwenda Madrid kanuni hiyo itamfaa. Anayekwenda Bogotá itampotosha. Hoja yangu ni kwamba usted halibebi heshima ndani yake. Iwe heshima, ukali au mahaba, maana yake hutokana na neno ambalo msemaji angeweza kulitumia akaliacha.

Sikatai kwamba neno lenyewe lilizaliwa katika heshima. Chimbuko lake ni vuestra merced, yaani ‘fadhila yako’, lililoshika nafasi ya vos, neno la heshima la zamani, baada ya vos kuchakaa kwa kutumiwa kwa kila mtu. Katika Don Quijote ya Cervantes, iliyotoka 1605, Sancho humwita bwana wake vuestra merced, naye huitwa tú. Matamshi ya haraka yakayasaga maneno hayo mawili hadi yakawa usted, ila sarufi haikusahau: kitenzi chake mpaka leo huwa cha nafsi ya tatu, kana kwamba anayezungumziwa ni mtu mwingine. Mswahili anayemuuliza mkubwa wake uso kwa uso, “Mzee anasemaje leo?” anaijua adabu hiyo.

Mwaka 1960 watafiti Brown na Gilman walieleza viwakilishi vya aina hii kwa mihimili miwili, mamlaka na mshikamano. Hispania inaingia vizuri katika maelezo yao: baada ya dikteta Franco kufa mwaka 1975, tú ilizidi kuenea madukani na ofisini. Bogotá haiingii. Huko wanaume waliokua pamoja huitana usted, na aghalabu hata ndugu wa tumbo moja na mume na mke. Kijana akimwita rafiki yake wa kiume tú, huenda akaonekana anajilegeza. Katika jimbo jirani la Boyacá, ukaribu wa nyumbani husikika katika sumercé, zao la su merced, ambalo nalo lilianza kama neno la unyenyekevu. Kosta Rika wazazi wengi huwaita watoto wao usted, na mbwa wa nyumbani husemeshwa vivyo hivyo. Mbwa si mgeni, wala hana cheo.

Wapo wanaopendekeza tuhesabu usted mbili, moja ya heshima na nyingine ya mapenzi. Sioni haja. Mama wa Argentina amwitaye mwanawe vos, ambayo huko sasa ni ya ukaribu kama tú, kila siku anaweza kuhamia usted anapomkaripia, na akahamia usted hiyohiyo anapombembeleza. Kinachosikika ni kule kuiacha desturi yao wawili. Sauti na tukio humalizia maana.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika wingi. Amerika ya Kihispania karibu yote haisemi vosotros, wingi wa tú, katika mazungumzo. Mama anayewaita watoto mezani na rais anayehutubia taifa hutumia ustedes, wingi wa usted, sawasawa. Hakuna mtoto wa Meksiko anayejiona ametukuzwa, au ametengwa, kwa kuitwa ustedes pamoja na ndugu zake, kwa kuwa mama yake hakuwa na neno jingine la kuchagua.